Vifo Vingi Havitoshi Kukumbukwa

Banissa iko magharibi mwa Kaunti ya Mandera, jirani na mpaka wa Ethiopia, na mtu wa huko anaweza kuzeeka bila kuitia machoni bahari. Hata hivyo, jina la Titanic si geni kwake. Meli hiyo ilizama Aprili 1912 na kuua watu wapatao 1,500. Ukimtajia meli ya Khedive Ismail, huenda asikujibu neno, ingawa msiba huo ni wa kwetu kabisa. Meli hiyo iliondoka Kilindini, Mombasa, Februari 1944, ikielekea Ceylon, na zaidi ya nusu ya waliokuwamo walikuwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga kwa topido, ikazama kabla dakika mbili hazijatimia. Walikufa watu 1,297. Misiba miwili inakaribiana kwa idadi ya maiti, lakini mmoja unajulikana dunia nzima na mwingine haujulikani hata kwa wajukuu wa waliokufa.

Sababu ni kwamba idadi ya waliokufa haitoshi kuuweka msiba akilini mwa watu. Kinachouweka ni mambo matatu: wabakie watu wa kuusimulia, majina ya waliokufa yajulikane, na iwepo mamlaka inayolazimika kueleza kilichotokea. Titanic ilichukua zaidi ya saa mbili kuzama, na watu zaidi ya 700 wakaokoka. Marekani na Uingereza kila moja ilifanya uchunguzi wake, mashahidi wakahojiwa, na maneno yao yakaandikwa. Katika Khedive Ismail waliookoka walizidi 200 kidogo tu, tena wakati wa vita, ambapo habari za kushindwa hazitangazwi ovyo. Tazama pia Doña Paz ya Ufilipino, iliyogongana na meli ya mafuta Desemba 1987. Inakadiriwa kwamba walikufa zaidi ya watu 4,000, karibu mara tatu ya Titanic, lakini walioopolewa hai hawakufika hata 30, na wengi wa waliokufa hawakuwa kwenye orodha ya abiria. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Asiyeandikwa naye ni vivyo hivyo.

Wapo watakaopinga na kusema kwamba siri yote ni utajiri na rangi: Titanic ilibeba matajiri wa Ulaya na Marekani, na baadaye sinema zikamalizia kazi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haielezi kila kitu. MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 haikubeba mamilionea. Ilibeba wachuuzi, wanafunzi na wakulima na ndizi zao, lakini hadi leo hakuna ajali ya majini inayotajwa Tanzania kama hiyo. Taifa lilitangaza maombolezo, tume ikaundwa, na wengi wa waliokufa wakazikwa pamoja Igoma, mahali ambapo jamaa wanaweza kwenda kuomba dua. Linganisha na Spice Islander, iliyozama mkondo wa Nungwi Septemba 2011 ikielekea Pemba. Maiti zilizopatikana zilikuwa 200 na ushei, na tume ya uchunguzi ikaja kukadiria kuwa waliokufa na waliopotea kwa jumla ni zaidi ya 1,500. Wengi wao hawana kaburi wala tiketi yenye majina yao, na nje ya Zanzibar msiba huo hautajwi sana, japo unaipita MV Bukoba kwa vifo.

Mtu wa Banissa anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi wa nchi kavu? Yanatuhusu kwa sababu bahari sasa inawafuata vijana wa upande huu wa Afrika kwa njia ya tahriib, safari ya magendo ya kwenda Ulaya. Aprili 2016 mashua iliyotoka pwani ya Misri ilizama Mediterania usiku. Waandishi wa Reuters walikadiria waliokufa kuwa 500 hivi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, na wakabaini kwamba hakuna nchi iliyokuwa imefungua uchunguzi. Hata bila bahari, Kaskazini Mashariki inaijua hali hiyo. Baada ya mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja kusema mwaka 2013 kwamba huenda vilikaribia 1,000. Msiba usio na orodha humwachia mwenye nguvu nafasi ya kuchagua idadi aitakayo.

Wengine watasema kukumbuka hakufufui mtu, na ajali ni kadari ya Mungu. Ni kweli, ila kukumbuka huokoa walio hai. Kutokana na Titanic mataifa yalikutana London, na mwaka 1914 yakatia saini mkataba wa usalama wa maisha baharini, uliotaka mashua za kuokolea watu wote na redio isiyolala. Msiba usiohesabiwa hauzai sheria, kwa sababu hakuna anayeulizwa chochote. Kwa hiyo familia zenye kijana aliyeondoka kwa tahriib zisifiche jina lake kwa aibu. Ziliandike pamoja na siku aliyoondoka na njia aliyoshika, na machifu, maimamu na serikali ya Kaunti ya Mandera watunze orodha hizo. Kumwandika aliyepotea ndiyo hatua ya kwanza ya kudai majibu.