Daftari la Tuliyoyasoma na Tuliyoyatazama

Siku ya Idi mwaka uliopita tulikuwa tumeketi sebuleni tukingoja chai, nyanya yetu akatuhadithia filamu ya Kihindi aliyoitazama hapa Mombasa kabla hajaolewa, siku ya wanawake, ambapo wanaume hawakuruhusiwa ukumbini. Alichokumbuka ni mama mmoja aliyempiga risasi mwanawe wa kumzaa, na jinsi ukumbi mzima ulivyoangua kilio. Jina la filamu lilikwisha mtoka. Mjukuu mmoja akashika simu, na chai haijamiminwa alikuwa ameipata: Mother India, ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan, na mama yule aliigizwa na Nargis. Nyanya akacheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Haya mjukuu wangu," akasema, "na yule aliyenishika mkono siku ile, simu yako yamjua?"

Alikwenda na wenzake watatu. Wawili awakumbuka kwa majina na majina ya baba zao. Wa tatu, yule aliyemshika mkono, sura yake ipo lakini jina limepotea, na wale wawili ambao wangeweza kuulizwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Tangu siku hiyo limetukaa moyoni jambo hili: filamu ina wa kuihifadhi, na kitabu pia, lakini mtazamaji na msomaji hawana. Ndipo tukanunua daftari, lile la kawaida la jalada gumu wanalotumia wenye maduka kuandikia madeni, tukaanza kuandika humo kila kitabu tunachosoma, kila filamu tunayotazama na kila mchezo wa kuigiza tunaohudhuria.

Wala si uzushi wetu. Katika mji wa Damaski, karne nyingi zilizopita, ilikuwa desturi kitabu kisomwapo mbele ya mwalimu, hasa kitabu cha Hadithi, mmoja wa waliohudhuria aandike juu ya nakala ile ile majina ya watu wote waliokuwapo. Maandishi hayo huitwa samaa, yaani usikilizaji. Humo utakuta jina la mwalimu, jina la aliyesoma, mahali na tarehe, na orodha ya wasikilizaji: wanazuoni, mafundi, watumwa, wanawake na watoto. Mtoto aghalabu alitajwa pamoja na umri wake, na aliyekuwa hajafika miaka mitano aliandikwa kuwa amehudhuria tu, si kuwa amesikia. Aliyekosa sehemu ya kikao aliandikiwa alichokikosa. Wapo hata walioandikwa kuwa walikuwa wakisinzia! Hati za baina ya mwaka 550 na 750 Hijria zimekusanywa na kuchapishwa, na ndani yake wamo wanawake si kwa kusikiliza tu bali kwa kufundisha. Mmoja wao ni Zaynab binti al-Kamal, aliyefariki mwaka 740 Hijria, sawa na 1339 Miladia, akiwa amepita umri wa miaka 90 na watu wangali wakikaa mbele yake kusomewa.

Vitabu vyenyewe vingi vingetufikia kwa nakala nyingine. Lakini yule mtoto wa miaka minne aliyepakatwa na mamake kikaoni tusingemjua abadani, lau si mstari ule mmoja.

Basi daftari letu tumelipanga kwa kuwaiga wao. Hatuandiki muhtasari wa kisa. Twaandika tarehe, jina la kazi na la mtunzi, mahali, nani alikuwapo, na sentensi moja ya kila mtu kwa maneno yake mwenyewe. Kitabu kikiwa cha kuazima twaandika kwa nani kimetoka, na kwa jambo hili tu daftari limekwisha tuondolea aibu mara mbili. Asiyemaliza kitabu huandika ukurasa alioishia, na aliyelala filamu ikiendelea huandikwa kuwa alilala. Baba wa nyumba hii ameandikwa mara nne.

Binti yetu aliye sekondari alisoma Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, kwa sababu ya mtihani. Baadaye kikundi cha waigizaji kikaja shuleni kwao kuicheza. Tulimshauri aandike mara mbili, kwani kusoma mchezo na kuutazama ni mambo mawili. Mara ya kwanza aliandika kwamba amemwonea huruma Sara. Mara ya pili aliandika kwamba amemwonea huruma Yona, "na sijui kwa nini." Hatukumsahihisha. Mwalimu wake angetaka maelezo zaidi; sisi twaona kwamba hilo "sijui" lake ndilo hasa lililostahili kuandikwa, maana akifika umri wa mamake huenda akajua.

Kuna dada aliyetuuliza kama inafaa kuziandika filamu kana kwamba ni jambo la kujivunia. Swali lake ni la haki. Jibu letu ni kwamba daftari halimsifu mtu, humhesabia. Tulipolipitia mwisho wa mwaka tulikuta kurasa nane za tamthilia za Kituruki, na vitabu ambavyo sisi wazazi wawili tulivisoma hadi mwisho ni vitatu tu. Tulikuwa tukijiita nyumba ya wasomaji. Hatukumlaumu mtu, ila televisheni sasa huzimwa baada ya Isha siku tatu za wiki, na kitabu cha nne kimefika katikati.

Ukurasa wa mwisho tumempa nyanya. Yeye husema, mjukuu huandika. Maneno ni haya: "Mother India. Mombasa, mwaka haukumbukwi. Siku ya wanawake. Waliokuwapo ni mimi na wenzangu watatu. Tulilia sote, na njiani hakuna aliyesema neno mpaka tukafika mlangoni kwetu." Chini yake yapo majina mawili, na mstari mmoja mtupu. Mjukuu alitaka kuufuta ukurasa usionekane na pengo. Nyanya amekataa, asema jina lile humjia karibu na alfajiri, na siku moja atawahi kumwamsha mtu aliandike.