Muziki wa Jazz Nyumbani: Faraja ya Moyo, Tahadhari kwa Masikio



Mwezi huu tunazungumzia starehe ndogo isiyohitaji fedha nyingi: kukaa nyumbani na kusikiliza muziki wa bendi zetu za jazz. Kwetu Kiboriloni, baada ya pilikapilika za soko la mitumba na kazi za kihambani, jioni ya Jumapili ni wakati mzuri wa kuketi pamoja. Starehe hii hujenga afya ya familia, lakini tusipokuwa na kiasi huharibu masikio.

Jazz ya kwetu

Kijana anaweza kuuliza: "Jazz si muziki wa Marekani?" Ni kweli, asili yake ni New Orleans. Lakini kwetu jina hilo lilichukuliwa na bendi za dansi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Bendi hizi zilipiga zaidi rumba yenye asili ya Kuba, iliyotufikia kwa santuri, zikaichanganya na midundo ya ngoma zetu na mashairi ya Kiswahili.

Kila bendi ilijivunia mtindo wake. Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic Jazz wa Tanga walikuwa na Kiweke, na Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilipiga Msondo, na baada ya kubadili majina mara kadhaa ikajulikana kama Msondo Ngoma. Wazee wengi watakutajia kwanza Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979.

Nyimbo nyingi za mitindo hii huanza polepole, mwimbaji akisimulia habari za ndoa, safari au msiba, kisha magitaa na tarumbeta huchangamka. Waulize watoto: besi iko wapi? Gitaa la solo limeingia lini? Mzee naye aeleze maana ya maneno. Huo ni mchezo na ni mafunzo pia.

Faida kwa afya

Maandiko Matakatifu yanasimulia jinsi Daudi alivyompigia Mfalme Sauli kinubi, naye Sauli akapata nafuu. Wataalamu wa afya nao wanakubali kwamba muziki wa taratibu hutuliza mapigo ya moyo, hupunguza wasiwasi na huweza kusaidia usingizi. Ieleweke, hata hivyo, kwamba muziki hauchukui nafasi ya dawa. Mwenye shinikizo la damu aendelee kumeza vidonge vyake kama alivyoelekezwa.

Wanaofaidika sana ni wazee. Mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu anaweza kusahau jina la mjukuu, lakini akakumbuka wimbo wa ujana wake. Mpigieni nyimbo alizozipenda yeye. Mara nyingi hutulia, na pengine huanza kusimulia.

Masikio hayana vipuri

Ndani kabisa ya sikio kuna chembechembe ndogo zenye vinyweleo, zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huziua, na zikishakufa haziota tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki. Kila sauti inapoongezeka desibeli 3, muda wa usalama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo anayeshinda karibu na spika kubwa, au kijana anayelala na visikilizio vya simu masikioni, amo hatarini ingawa hasikii maumivu.

Ni vema kuzingatia haya:

1. Redio isiwazuie kuzungumza. Ukilazimika kupaza sauti ili aliye karibu nawe akusikie, punguza.
2. Kwenye simu, sauti isizidi asilimia 60, na pumzisha masikio mara kwa mara.
3. Katika sherehe za kipaimara au harusi, watoto wachanga wasikae karibu na spika.
4. Usichokonoe sikio kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku.

Mzee anapoongeza sauti

Baba au mama akiongeza sauti ya redio kila siku, msimgombeze. Huenda uwezo wake wa kusikia unapungua. Mzee asiyesikia huacha kujibu, huacha kwenda jumuiya, mwishowe hukaa peke yake, na watu husema ana kiburi. Upweke huo humletea huzuni. Tena, upungufu wa kusikia ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Mpelekeni apimwe. Wakati mwingine ni nta tu, na huondolewa kwa muda mfupi. Tatizo likiwa kubwa, hospitali ya rufaa ya KCMC hapa Moshi ina idara ya masikio, pua na koo. Wengine husaidiwa kwa kifaa cha kusikia. Anayesikia mlio usioisha masikioni, au aliyepoteza kusikia ghafla, asingoje Jumatatu: aende hospitali mara moja.

Ndugu zangu, Mungu ametupa masikio tusikie Neno lake, tusikizane, na tufurahi pamoja. Jumapili hii fungulieni mtindo aupendao babu au bibi, kwa sauti ya kiasi, ili naye asikike anapoeleza.