Je, Wajua? Ukisafiri, Nani Ananywesha Maua ya Sebuleni?

Je, wajua kwamba lile jagi la maji unalomimina kwenye chungu cha maua usiku wa kuamkia safari ndilo linaloweza kuliua ua lako? Mizizi hupumua. Udongo ukijaa maji hadi juu, hewa hutoka, mizizi hukosa oksijeni na kuanza kuoza. Maua mengi ya ndani hufa kwa maji kuzidi kuliko kwa kiu. Mwagilia mara moja vizuri, acha maji yachuruzike yote chini, basi.

Je, wajua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi huishia hewani, yakitokea kwenye vitundu vidogo mno vya majani? Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya safari ni kulipunguzia ua matumizi. Liondoe kwenye dirisha linalopigwa na jua, lisogeze karibu na wenzake ili yapeane unyevu, zima feni. Lakini usilifungie stoo gizani.

Mbolea? Siku hizo usiweke kabisa. Chumvi zake huunguza mizizi iliyokauka.

Je, wajua kwamba Zamioculcas, lile ua la majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ni mwenyeji wa huku kwetu? Humea porini kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Zanzibar, hadi kusini mwa Afrika. Waholanzi walianza kulizalisha kwa wingi mwaka 1996, nasi sasa tunaliweka mapokezini kama mgeni kutoka Ulaya. Chini ya udongo lina mashina yaliyovimba mithili ya viazi, na humo ndimo linamoweka akiba ya maji. Mwezi mzima bila tone halishtuki. Ukilikuta limekufa, mshuku aliyekuwa akilimwagilia.

Je, wajua kwamba sansevieria, lenye majani marefu yaliyosimama wima, hufungua vitundu vyake usiku na kuvifunga mchana wa joto? Kwa ujanja huo hupoteza maji kidogo sana. Wiki tatu si neno kwake.

Masale, mmea ambao Wachagga huutumia kuweka mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na kuombea msamaha, ni Dracaena fragrans, na huuzwa duniani kote kama ua la ndani. Mchagga wa Dar es Salaam anayekwenda Moshi kula Krismasi anaweza kuacha chungu cha masale sebuleni kwa wiki mbili bila wasiwasi.

Sasa tuje kwa anayedeka. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliona kimea chenye maua ya zambarau kwenye milima ya Usambara, akakipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alikipa jina la Saintpaulia. Leo kimejaa madirishani Ulaya na Marekani. Kimezoea kivuli na unyevu wa msituni, mizizi yake ni mifupi, na majani yake yenye manyoya hupata madoa yakimwagiwa maji ya baridi. Hiki ukikiacha wiki mbili bila mpango, utakuta kimelala.

Mpango wenyewe, wanaoutumia wapenzi wengi wa ua hili, ni utambi. Je, wajua kwamba maji hupanda kwenye uzi kwa njia ileile mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa jiko? Pitisha uzi kwenye tundu la chini ya chungu hadi katikati ya udongo, ncha ya pili izame kwenye kopo la maji lililo chini yake. Uzi wa pamba hufaa kwa safari fupi, ila huoza. Uzi wa kufumia wa sintetiki hudumu. Lowesha uzi na udongo kwanza, maana vikiwa vikavu maji hayapandi. Kisha ujaribu siku kadhaa kabla ya kuondoka, si asubuhi ya basi.

Je, wajua kwamba Wachina walikuwa wakifukia vyungu vya udongo shambani kumwagilia matikiti zaidi ya miaka 2,000 iliyopita? Mwandishi wao wa kale wa mambo ya kilimo, Fan Shengzhi, aliyaandika hayo. Chungu kisichopakwa rangi huvujisha maji polepole: udongo ukikauka huyavuta, ukilowa huacha. Hata leo kinafaa kwa ua lililo kwenye pipa kubwa.

Mwaka 1829, daktari Nathaniel Bagshaw Ward wa London alifunga udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya kioo. Ukaota mmea, ukaishi miaka bila kumwagiliwa, kwa kuwa mvuke uligonga kioo na kurudi chini. Wewe kata kitako cha chupa kubwa ya maji ya kunywa, ulifunike ua nayo. Mbali na jua, tafadhali, la sivyo utalipika. Na usiufunike mshubiri. Huo hauupendi unyevu wa namna hiyo.

Jirani aliyeachiwa ufunguo? Mwambie achome kidole kwenye udongo kabla ya kushika jagi. Kikitoka na unyevu, afunge mlango aende zake.

Ukirudi ukakuta udongo umekauka hadi unayakataa maji, zamisha chungu kwenye beseni mpaka mapovu yakome.

Mwisho, je, wajua kwamba mbu Aedes aegypti, anayeeneza dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye visahani vya chini ya vyungu? Kwenye joto, yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 10 hivi, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo visugue visahani na uvipindue kabla ya kuondoka, na kopo la utambi lifunike kwa kifuniko kinachobana, uache tundu la kupita uzi tu.