SOMO LA MAGARI: KUNG'OKA KWA GARI LINALOVUTA KWA MAGURUDUMU MANNE

Leo nalijibu swali la msikilizaji mmoja wa Nakuru. Ana Subaru Impreza WRX, gari ambalo magurudumu yote manne huvuta. Amelitia tabo kubwa, na nguvu za injini zimeongezeka sana. Walakini katika mashindano ya uwanjani hushindwa na rafiki yake mwenye gari kama hilo hilo ambalo halikuguswa. Taa ikiwaka, lake hunguruma, tairi huzunguka bure, na mwenzake amekwisha kwenda. Sasa anauliza kama aongeze nguvu tena, na bei aliyotajiwa yatosha kununua ng'ombe kadhaa.

Bwana, fedha hiyo iweke mfukoni kwanza.

Injini haisukumi gari mpaka tairi ishike ardhi. Kila tairi hugusa lami kwa kipande kidogo, yapata upana wa kiganja. Juu ya lami kavu, tairi nzuri ya kawaida huweza kusukuma kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito ulio juu yake, haizidi sana. Kwa hesabu hiyo, gari linaloshika kwa magurudumu yote manne litahitaji sekunde 2.8 hivi kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, hata mkilitia injini ya eropleni. Nguvu iliyozidi hapo ni moshi tu.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme gari lina kilo 1,400. Injini ya Impreza imekaa mbele kabisa, kwa hiyo tuseme kilo 840 ziko juu ya magurudumu ya mbele na 560 juu ya ya nyuma. Kitovu cha uzito kiwe sentimita 50 juu ya ardhi, na kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni sentimita 250. Gari likining'oka kwa nguvu zote ambazo tairi zaweza kushika, uzito unaohamia nyuma ni 1,400 mara 50, gawanya kwa 250, yaani kilo 280. Mbele zimebaki 560, na nyuma zimekuwa 840. Zimebadilishana! Ndiyo maana tairi za mbele, zilizokuwa nzito gari liliposimama, ndizo huanza kuteleza.

Wako wanaouza springi ngumu wakisema zitazuia uzito usihame. Si kweli. Springi na shokamzoba hubadili haraka ya kuhama, na namna bodi inavyoinama. Zile kilo 280 zitahama tu. Kinachozipunguza ni kulishusha gari chini kidogo.

Baada ya hapo iko difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kulia na kushoto, kwa hiyo gurudumu linaloteleza humnyima na mwenzake. Katika WRX nyingi zenye gia za mkono, difu ya kati ina sahani nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Mbele ikizunguka kasi kupita nyuma, mafuta hayo huzifunga pamoja. Kifaa hicho huchoka kwa umri, na magari mengi tunayopata yametumika miaka mingi Japani. Kikaguliwe kabla ya kununua kitu kingine. Difu ya mbele nayo, katika WRX nyingi, ni ya kawaida. Ukiweka ile inayozuia gurudumu moja lisikimbie peke yake, utaona tofauti kubwa.

Lakini tairi ndiyo ya kwanza. Nunua mpira laini, wote manne namna moja na ukubwa mmoja. Zikitofautiana, difu ya kati itafanya kazi bure na kuungua. Upepo upunguze kidogo kidogo, alama mbili mbili za geji, ukipima muda wa mita 18 za kwanza kila mara. Badili kitu kimoja tu kwa safari moja, ama hutajua kipi kimesaidia. Na kabla ya kurudi barabarani, jaza upepo tena. Mazoezi haya ni ya uwanja uliofungwa, si ya njia wapitayo watoto.

Linabaki jambo la klachi. Injini ikizunguka polepole mno, tabo haijaamka na gari hulala. Ikizunguka kasi mno na ukaiachia klachi ghafula, basi tairi ikiteleza una bahati, maana kuteleza huko hupunguza pigo. Tairi ikishika zote nne, pigo lote huingia kwenye klachi na meno ya giaboksi, na giaboksi ya gia 5 ya WRX za zamani haipendi pigo hilo. Iache klachi iteleze kidogo, kwa muda mfupi, kisha uifunge. Na kila ukiongeza mshiko wa tairi, uliza kwanza kama klachi na giaboksi yako zitauvumilia.

Juma lijalo tutaeleza breki. Kwaherini.