Makaratasi yetu yanalala mu jiko

Alifika ku biro yetu ya sendika siku ya mposho asubui, na sashe nyeusi mu mukono. Ile sashe ilikuwa inanuka mafuta ya ngazi. Mumoja wetu akacheka, akafikiri ndugu ametuletea chakula. Kumbe mule ndani mulikuwa miaka 11 ya kazi.

Huyu ndugu anatumika mu mine, upande wa Kolwezi. Miaka ile yote hakutumika na kampuni moja: alipita mu kampuni nne za sutretansi, moja kisha ingine. Wengi wenu munajua namna inaendaka. Jina ya kampuni inabadilika ku mulango, kofia ya kazi inabaki ileile, shimo linabaki lilelile. Alikuwa amekwenda CNSS kuuliza miaka yake imeandikwa namna gani. Wakaangalia. Kampuni ya kwanza iko, ya ine iko. Ya pili na ya tatu, hakuna kitu. Miaka 4, ni kusema miezi 48, kama vile huyu mutu alikuwa amelala ku nyumba. Wakamuuliza kitu kimoja tu: fishi zako za mushahara ziko wapi?

Tuseme mambo waziwazi, juu hata delege wengine hawaelewe vizuri. Tangu sheria ya tarehe 15 julai 2016, CNSS njo ilichukua nafasi ya INSS. Kila mwezi mutumishi anakatwa 5 % ku mushahara wake, na patro anaongeza 13 % ya kwake. Wewe hauende kulipa mwenyewe ku giche. Patro anakata, patro anapeleka. Ile 5 % inaandikwa ku fishi ya mushahara, ku mustari mudogo ambao watu hawasomake, juu macho yote yanakimbilia chini, pale panaandikwa utabeba ngapi. Sasa kama fishi inaonyesha 5 % ilikatwa, na CNSS inasema haikuona kitu, kuko mutu alibaki na ile mafranga mu njia. Na huyo mutu si wewe. Lakini bila fishi, ni neno lako tu, na neno ya mutu wa shimo haina uzito sana mbele ya meza ya wakubwa.

Mu sashe tulihesabu fishi 19. Karibu zote zilikuwa za kampuni anakotumika sasa. Za ile miaka 4 zilikuwa paka 3.

Tukamuambia: twende kwako.

Ni nyumba kama zetu, vyumba viwili na jiko nyuma, malata bila plafo. Tukauliza makaratasi ya nyumba inawekwa wapi. Bwana akaangalia bibi, bibi akatuonyesha jiko lote na mukono. Na ni kweli, mu nyumba zetu karatasi inaingia na mulango wa mbele lakini inaishia jikoni. Ni kule kuko mesa, ni kule mama anakaa, ni kule faktire ya SNEL inasomwa, ni kule mutoto anafanyia devwari na kuacha bultini yake. Hakuna mutu aliamua vile. Inajifanya yenyewe.

Chini ya plastiki ya mesa kulikuwa safu ya faktire na resu za minervali, zimeshikana na sukari. Tukazitenganisha polepole na kisu cha kupakalia mikate. Mule tukapata fishi 6. Ku ukuta kulikuwa musumari, na karatasi zimechomwa pale moja juu ya ingine mupaka musumari hauonekani. Fishi 2. Kwa moja, kutu ya musumari ilikula namba ya matrikule. Mu kopo ya Nido kulikuwa mbegu ya mahindi, picha za pasiporo, na vile vikaratasi vidogo vya mashine ya banki. Vile vikaratasi tulivisikitikia sana. Maandiko yake yanatoka kwa moto, hayatoke kwa wino, na kopo ilikuwa inakaa pembeni ya mbabula. Vingine vilikuwa vyeusi vyote, vingine vyeupe vyote. Hakuna kitu cha kusoma. Nyuma ya kabati panya walikuwa wamejenga na kontrat ya kampuni ya tatu. Kulibaki kona moja yenye muhuri nusu.

Tukafika 11. Kwa miezi 48.

Ni pale bibi aliuliza: «Munatafuta paka zile zenye kuwa na jina yake pa juu?» Akaingia mu chumba, akatoka na kifurushi kimefungwa na kipande cha kitenge. Ilikuwa hesabu yake ya likelemba. Kila mwezi, majina ya wamama kumi na mbili, nani ametoa, nani amebeba, nani anadaiwa. Ameandika vizuri, na mistari ya rula. Tukageuza karatasi ya kwanza: fishi ya mushahara. Ya pili: fishi. Zote fishi. Zilikuwa 22.

«Bwana akishahesabu mafranga, anatupa ile karatasi pa mesa, anasema ni ya bure. Miye nilichukua juu nyuma ilikuwa weupe. Kaye inauzishwa, ile haiuzishwe.»

Bwana alinyamaza. Na sisi pia tulinyamaza, juu tunajua vizuri tunayofanyaka. Tunakusanya watu, tunazungumuza juu ya kolekti, juu ya bote na maski, juu ya prime. Hatujaulizaka hata siku moja: fishi yako inalala wapi? Mumoja wetu, delege wa mandat mbili, akte ya kuzaliwa ya mutoto wake iliishia kufunga karanga za kuuza. Watu wanacheka akiielezea, lakini yeye hakucheka. Kuandikisha mutoto mbele ya siku 90 ku etasivili ni kitu chepesi. Ukipita pale, unaingia mu tribinali kutafuta jijima sipletifu, na kule kila mulango uko na bei yake. Na wakati baba anakufa ku kazi, ni ile akte, pamoja na akte ya ndoa, wanaomba mujane mbele ya kitu chochote. Tumeona wamama wanalia mara mbili: mara ya kwanza ku matanga, mara ya pili ku giche.

Basi kule jikoni tulipanga. Hatukuwa na kabati ya chuma wala kitu kikubwa. Tulinunua farde nne za karto, na bibi akatoa bido moja ya plastiki yenye kifuniko, ile ya kuwekea unga. Bido haipite panya, haipite maji ya mvua, na novemba haiko mbali. Farde ya kwanza ni ya kazi: kontrat, fishi zote kufuata mwezi na mwaka, barua yoyote ya patro, hata ile ya kukukaripia, juu ile barua nayo inashuhudia ulikuwa pale. Na kama kazi imeisha, karatasi ya mwisho yenye kuonyesha ulianza lini, ulimaliza lini, ulikuwa unafanya nini. Ile ni haki yako, usitoke ku mulango bila yake. Farde ingine ni ya watu: akte, kadi za chanjo, diploma. Ingine ya nyumba na kiwanja. Ya ine ni ya mambo ya mwaka huu tu: SNEL, REGIDESO, masomo. Ile ya ine inapunguzwa kila mara mwaka wa masomo unaisha. Zile tatu, hapana. Mafaktire ya zamani yaliyolipwa na hayana ugomvi, bibi aliomba ya kuwashia mbabula, tukamuachia.

Vikaratasi vya mashine tulivipiga fotokopi siku ileile, vile vilivyokuwa vinasomeka bado. Kijana wa nyumba alipiga picha za fishi zote na telefone yake, akatuma kwa shangazi yake Lubumbashi. Telefone inaibiwa, shangazi haibiwe.

Kuko neno moja tunalirudilia kila siku, na kila siku mutu analisahau: orijinali haitoke mukononi. Patro akiomba, biro ikiomba, hata sisi wa sendika tukiomba, toa fotokopi. Na ukiacha dosie pahali, beba fotokopi ingine wakupigie pale muhuri na tarehe ya kupokea. Wanakatala mara ya kwanza. Baki pale. Mara ya tatu wanapiga.

Kwa huyu ndugu, miezi 33 ku 48 iko na karatasi yake sasa. Ile 15 ingine tunaitafutia mashahidi kati ya wale waliotumika naye ku ekipe moja, na wawili wamekubali kuandika. Dosie imewekwa ku Inspeksio ya kazi, na muhuri tumeupata. Kampuni moja kati ya zile mbili haina tena biro, wala kibao ku mulango, na pale ni vigumu, hatutaki kumudanganya mutu. Tunangoja.

Siku ya kupeleka dosie bibi alikuja naye. Alikuwa na wasiwasi juu ya likelemba yake. Tukapiga fotokopi pande zote mbili. Upande wa fishi tuliuacha ku Inspeksio, upande wa majina alirudi nao ku nyumba, juu kuko mama mumoja tangu mwezi wa tatu hajatoa.