Ukubwa wa Tairi na Rimu: Usukani Wako Unakwambia Nini?

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki na Kongo zilizohamia Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, gari si anasa. Ndilo linalomfikisha mtu kwenye zamu ya usiku ghalani, watoto shuleni na wazee kwenye ibada. Mara nyingi gari la kwanza ni lile lililokwisha kutumika, na mara nyingi mmiliki wa awali alikwisha kuondoa magurudumu ya kiwandani na kuweka rimu kubwa zinazong'aa. Mnunuzi analiendesha, anahisi usukani ni tofauti, lakini hajui kama tofauti hiyo ni uzuri au ni hatari.

Msikilizaji, jibu huanzia kwenye maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Chukua mfano wa 205/55R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta wa tairi, yaani asilimia 55 ya upana huo, ambayo ni karibu milimita 113. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sasa linganisha na 225/40R18. Rimu imeongezeka kwa inchi 2, lakini ukuta wa mpira umepungua hadi milimita 90. Kimo cha gurudumu zima kimebadilika kwa chini ya asilimia 1. Kwa macho magurudumu hayo mawili yanakaribiana, ila mikononi hayafanani.

Sababu ni hii. Dereva anapozungusha usukani, rimu ndiyo inayogeuka kwanza. Ukuta wa tairi hujipinda kidogo, na ndipo mpira unaogusa barabara hufuata. Ukuta mrefu hujipinda zaidi, kwa hiyo gari huchelewa kidogo kuitikia, lakini mashimo hupoozwa. Ukuta mfupi huitikia upesi, na dereva huhisi gari ni jepesi na tiifu. Gharama yake ni kwamba kila shimo hufika kwenye rimu, kwenye shokapu na kwenye viungo vya usukani.

Kuna jambo la pili lisiloonekana. Tairi linapokata kona, hulivuta gurudumu lirudi kunyooka. Mvuto huo ndio mikono inauhisi kama uzito wa usukani. Mshiko wa barabara unapokaribia kikomo chake, mvuto huo hupungua kabla mshiko wenyewe haujaisha. Kwa maneno mengine, usukani unaolegea ghafla katikati ya kona si faraja, ni onyo. Tairi pana lenye ukuta mfupi kwa kawaida hutoa onyo hilo kwa muda mfupi zaidi. Wepesi wa kuitikia, basi, usidhaniwe kuwa ni mshiko.

Tuanze safari yetu Louisville, Kentucky. Hapa pana mojawapo ya viwanda vilivyounda gari aina ya Ford Explorer. Mwezi Agosti mwaka 2000, kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5, ambayo mengi yalikuwa yamefungwa kwenye magari hayo, baada ya ajali za matairi kuchanika yakiwa katika mwendo. Vifo vilivyohusishwa na mkasa huo vilizidi 200. Katika mabishano yaliyofuata, suala moja lilikuwa upepo. Ford ilikuwa imependekeza pauni 26 kwa inchi ya mraba, na Firestone ikataka ziwe 30. Sheria iliyopitishwa mwaka huo ndiyo iliyoleta taa ya upepo wa tairi kwenye dashibodi, ambayo kufikia Septemba 2007 ilikuwa lazima kwa magari mapya ya abiria.

Tukifuata barabara kuu namba 71 tunafika Columbus, Ohio, penye mojawapo ya jumuiya kubwa za Wasomali nchini humo. Katika barabara za majira ya baridi, maji huganda na kuyeyuka ndani ya nyufa, na lami hubomoka. Tairi pana hupenda kufuata mifereji iliyochimbwa na malori, na usukani huvutwa huku na huko. Hali huwa mbaya zaidi iwapo rimu zimesogezwa nje kupita ubavu wa gari. Hapo gurudumu moja likiingia shimoni au kwenye dimbwi, usukani unaweza kumponyoka dereva.

Hatimaye Buffalo, New York, kando ya Ziwa Erie, ambako upepo wa ziwani humwaga theluji nyingi. Katika mji jirani wa Tonawanda, matairi ya Dunlop yalitengenezwa kwa takriban karne moja, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2024. Theluji hupindua hesabu ya urembo. Tairi jembamba huikata theluji na kuifikia barabara, ilhali tairi pana huelekea kuelea juu yake. Aidha, joto likishuka kwa nyuzi 5 au 6 za selsiasi, upepo hupungua kwa karibu pauni 1. Tairi lililojazwa pauni 33 kwenye nyuzi 24 huweza kubaki na 27 katika nyuzi 9 chini ya sifuri. Taa ya dashibodi hulazimika kuwaka upepo unapopungua kwa robo nzima, yaani karibu pauni 25. Kwa hiyo taa inaweza kunyamaza wakati usukani tayari umekuwa mzito na mvivu.

Nini kifanyike? Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko kilicho kwenye nguzo yake. Humo mna ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo kilichokusudiwa kwa gari hilo. Namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si pendekezo. Angalia pia uwezo wa kubeba. Namba 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa tairi moja, na gari linalojaa familia linahitaji uwezo huo. Kimo cha gurudumu kikizidi kwa asilimia 5, gari huwa katika maili 68 kwa saa wakati kipimo kinaonyesha 65. Na kabla ya kulipa, washa gari uone kama taa ya upepo inawaka kisha inazima. Isipowaka kabisa, au ikibaki inawaka, muulize muuzaji vihisio viko wapi.

Rimu kubwa huonekana na kila apitaye njiani. Usukani huzungumza na dereva peke yake, na usalama wa abiria wake unategemea kama anauelewa.