Mombasa Raha, Lakini Pesa Zako Zisitangulie Kufika

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alishuka stesheni ya Miritini usiku, Desemba, akiwa na mke wake, watoto wawili na mama mkwe ambaye alikuwa hajawahi kuiona bahari. Nyumba ya Nyali ilikuwa imeshalipiwa malipo ya awali: shilingi 15,000, wiki mbili kabla ya safari. Picha zilikuwa safi, bei nafuu, na mwenye nyumba alikuwa mwanamke mwenye maneno matamu kama halua.

Wakafika getini. Askari akawamulika kwa tochi, akasikiliza maelezo yao, akatikisa kichwa. "Pole, ndugu yangu. Nyumba hii haikodishwi. Mwenyewe yumo ndani, amelala. Na si wewe wa kwanza wiki hii."

Ile nambari ya "mwenye nyumba" ilikuwa imezimwa. Usiku huo walilala watano chumba kimoja cha gesti, kwa msaada wa dereva wa tuktuk aliyewaonea huruma.

Huyu ni mtu anayefanya kazi kwenye kampuni ya malipo, jamani. Kama yeye alinaswa, hakuna aliye mjanja sana. Ndiyo maana kabla hujapanga safari ya Pwani, tunakuomba ukumbuke jambo moja: pesa zako zisifike Mombasa kabla yako, ila kwa mtu au biashara unayoijua.

Kosa lilikuwa wapi?

Tulikaa naye tukafuata muamala wake hatua kwa hatua. Alipoingiza nambari, simu ilimwonyesha jina kabla hajaweka PIN, na lilikuwa jina la mwanamume. Alipouliza, akaambiwa, "Huyo ni mhasibu wetu." Akaamini, kwa sababu aliambiwa kuna wateja wengine wawili wanaisubiri nyumba hiyo hiyo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kwa hivyo, unapotafuta nyumba ya likizo:

- Linganisha jina linalotokea kwenye simu na jina la mtu au biashara unayozungumza nayo. Yakitofautiana, usiweke PIN.
- Penda kulipa kwa Till au Paybill ya biashara badala ya nambari ya mtu binafsi. Hata hivyo, soma jina la biashara. Till pekee si hakikisho.
- Omba mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue mlango na kukuonyesha barabara nje. Tapeli huwa hakosi sababu ya kukataa.
- Kama una ndugu au rafiki Mombasa, mtume akaangalie. Nauli ya matatu ni ndogo kuliko hasara ya elfu kumi na tano.
- Usilipe bei yote mapema. Makubaliano mazuri ni kumaliza deni ukishaingia na kushika ufunguo.

Tiketi ya SGR

Tangu 2017, treni ya Madaraka Express imekuwa njia ya wengi kwenda Pwani, na ukiwa na bahati utawaona ndovu wa Tsavo dirishani. Tiketi unaweka kwa simu kupitia *639# na kulipa papo hapo. Wakati wa Krismasi na Pasaka hujaa haraka, na hapo ndipo "mabroka" hujitokeza mitandaoni. Kumbuka tiketi hutolewa kwa jina na nambari ya kitambulisho cha msafiri. Ile unayouziwa na mtu usiyemjua inaweza kuwa na jina la mtu mwingine, ama isiwepo kabisa.

Stesheni ya Miritini iko bara, nje ya kisiwa. Ukitoka, madereva watakuita kwa pamoja. Patana bei kabla ya kupanda, na ulipe ukifika.

Ukiwa kisiwani

Anza na Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira tangu 1696 na kuiteka 1698, na mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Ada ya kuingia siku hizi hulipwa kwa njia ya kidijitali kupitia eCitizen. Ukikutana na mtu nje anayekwambia umtumie yeye ndipo akuingize, mshukuru uende mlangoni. Kama unataka mtembezaji, hiyo ni kazi halali. Patana naye kando, bila kuchanganya ada yake na ya kiingilio.

Ukitoka hapo ingia Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba na milango ya mbao imechongwa kwa ustadi. Kula viazi karai, mahamri kwa mbaazi, kisha kahawa chungu kwa kashata. Hapa beba chenji. Wauzaji wengi wanapokea malipo ya simu, lakini kikombe kimoja cha kahawa ni pesa kidogo, na si haki kumpa mzee noti ya elfu moja asubuhi na mapema.

Unaelekea Pwani ya Kusini? Kwenye feri ya Likoni, watembea kwa miguu hawalipi chochote. Anayekudai "nauli ya feri" anakuibia. Wanaolipa ni wenye magari. Watu hubanana sana pale, kwa hivyo weka simu mfuko wa ndani, skrini ikiwa imefungwa. Wenye gari wanaweza pia kupita barabara ya Dongo Kundu hadi Kwale bila kupanda feri.

Nje ya mji

Mombasa ni mlango tu. Kusini kuna fuo za Diani, msitu wa Shimba Hills, na Shimoni unakopanda mashua kwenda kisiwa cha Wasini. Kaskazini, njia ya Malindi, takriban kilomita 120, inapitia Mtwapa na Kilifi, na karibu na Watamu kuna magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Huku nje mambo mawili husumbua wateja wetu. Kwanza ni floti: sikukuu zikifika, wakala mdogo wa kijijini huishiwa na pesa taslimu. Toa mapema, ukiwa mjini. Na utoe kwa mpango: ada hupangwa kwa viwango, kwa hivyo kutoa mia tano mara nne kunakugharimu zaidi kuliko kutoa elfu mbili mara moja. Pili ni mtandao. Ukienda kwa mashua, usitegemee simu peke yake. Beba pesa kidogo mfukoni. Lakini ada za mbuga za wanyama, kama Shimba Hills, hulipwa kidijitali, kwa hivyo maliza kazi hiyo kabla ya kuondoka hotelini.

Ukiwa umeshatapeliwa

Usianze kugombana na tapeli kwenye simu. Piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea, tunaweza kuzizuia. Zikishatolewa kwa wakala, hatuna cha kuzuia, na tunasema hivyo bila kuficha. Mwenzetu alitupigia wiki mbili baadaye. Kitambo pesa zilikuwa zimeshatoka. Usifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo, na upige ripoti kituo cha polisi. Na mtu yeyote akikupigia akidai anaweza "kukurudishia" pesa ukimpa PIN, huyo ni tapeli wa pili. Sisi hatuombi PIN yako kamwe.

Asubuhi iliyofuata, mama mkwe aliiona bahari. Walikaa Mama Ngina, meli kubwa zikipita taratibu kuingia Kilindini, kila mmoja na dafu lake. Mwenzetu alipotoa simu kulipa, mama akamshika mkono.

"Baba, jina limekuja la nani?"

Lilikuwa la muuza madafu. Akaweka PIN. Nawe, kabla hujaweka yako, jiulize swali la huyo mama. Safari njema.